Wiki Niliyohesabu Uchochoro Wetu

Nyuma ya Soko,
Kibiti.
13 Juni 2025

Mpendwa Kaka Nurdini,

Kabla hujaendelea, nakuomba kwa jina la Mola, haya yabaki kwako. Usimsomee mtu, na hasa mama yako, Mama Mkubwa wangu, asijue. Ukimaliza, ichane barua. Assalaam alaykum, kaka. Mmeamkaje huko Mwanza? Kifua chako kinaivumiliaje baridi ya ziwa? Sisi wazima, ila mimi usingizi umenipungukia.

Nilipata ukarani wa mkataba kwenye kampuni inayopima mji kabla stendi haijajengwa upya. Kazi yangu ni kukaa kwenye kiti, kimashine cha kubonyeza mkononi, nihesabu kila apitaye kwa miguu. Wiki ya pili ya Mei nilipangiwa uchochoro wetu, pale Mama Mkubwa anapouzia vitumbua.

Nilifurahi mno. Nilikumbuka tukienda chuoni kusoma Kurani, wewe umenishikia juzuu yangu ili nile kitumbua cha moto, mafuta yasiingie kwenye kurasa. Nilikumbuka Julai, mchele mpya ukishaingia mjini, tukipita kwa ubavu katikati ya vikapu, na fundi Shaabani akivuta cherehani yake ndani ili watu wapate njia.

Nilihesabu siku tano. Siku iliyojaa kuliko zote, walipita watu sitini na wanne. Nikaandika vizuri, mistari nimeipiga kwa rula.

Jumamosi yake nikaenda Ruaruke, bondeni kwenye mashamba. Mama Mkubwa nikamkuta juu ya dungu, kamba ya makopo mkononi, anafukuza ndege kwenye mpunga. Kila dungu lina mtu ninayemjua wa Kibiti. Miaka mitano ya shule Dar, nimesahau kwamba mwezi huo mji wetu huhamia bondeni!

Nikamwambia hesabu yangu imetoka ndogo. Akacheka. "Ulitaka tuje tukupitie mbele, mwanangu? Na hawa ndege tumwachie nani?"

Lililobaki lilinishinda kulitamka. Njia yenye watu chini ya mia kwa siku inazibwa, na ukuta wa stendi utapita pale pale lilipo benchi lake.

Bosi wangu, Bwana Mfaume, si mtu mbaya. Nilimweleza yote, akajibu kuwa idadi ni idadi, na wakubwa wanasubiri ripoti. Kisha akashusha sauti. "Saini, Sihaba. Mkataba wako unaisha mwezi huu, usinipe sababu."

Jana nimesaini. Lakini juu ya saini nimeandika kwa kalamu kwamba watu walikuwa madunguni, hesabu irudiwe Julai baada ya mavuno. Ripoti nimeipeleka mwenyewe kwa wakubwa, nikaiacha mapokezi. Bwana Mfaume bado hajui; Jumatatu atajua.

Nisalimie wifi Zawadi, na umbusu Dulla. Huku Bibi Mwanaidi anakuulizia kila Ijumaa. Mola akulinde, na akulete nyumbani ungali unaijua njia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye tangu chuoni,
Sihaba

Nilisahau: ukijibu, barua iandike kwa jina la fundi Shaabani, atanipa. Simu ya ofisini usipige kabisa. Jumatatu saa mbili asubuhi nitaingia kazini. Kuanzia saa tatu piga yangu, wakati wowote. Nadhani nitakuwa na nafasi.