Gramu Nane za Uji Wako

Mama,

Huko uliko hakuna pakiti za kusomewa, nadhani. Basi nisikilize kwa hii moja tu.

Unakumbuka daktari alipokukataza sukari? Uliacha vijiko vyako viwili vya chai bila kulalamika, ukahamia uji wa pakiti, kwa sababu mbele palikuwa na picha ya masuke ya wimbi na neno afya. Ukanipa nisome nyuma. "Wewe una macho, mimi nina miwani tu." Nikasoma: sukari, gramu nane. Nikakuambia ni kidogo, kunywa.

Mstari wa juu sikuusoma. Mstari huo ulisema gramu nane ni za kipimo kimoja, na kipimo ni vijiko vitatu vya unga. Mtu wa kushiba uji wa vijiko vitatu sijawahi kumwona Bungoma. Wewe kikombe chako kilikuwa cha nusu lita, vipimo vitatu vizima, na mgeni ulimjazia mpaka kimwagike, maana nusu kikombe kwako ni matusi.

Vijiko sita vya sukari, Mama. Asubuhi na jioni. Dada anasema haikuwa uji peke yake. Najua. Lakini aliyesoma ni mimi.

Sasa naandaa maandishi ya pakiti kwa Bwana Jaswant, mwenye kiwanda kidogo cha unga wa uji hapa Kitale. Kazi hii sikuisomea. Nilijifunza kwa kusimama dukani nikitazama watu wakigeuza pakiti, wakifinya macho, wakirudi kwenye picha. Gramu nimezisogeza pembeni. Katikati nimechora kikombe kizima, cha watu wetu, na vijiko sita vya sukari.

Bwana Jaswant alishika kilemba. "Kijana, unauza unga ama unatangaza matanga?"

Nikamwomba tujaribu siku moja dukani. Mama mmoja wa Ndalu akahesabu vijiko kwa kidole. "Ati sita? Si hii ni keki, bana." Akairudisha pakiti mahali pake. Nikajua kazi sina.

Saa ya chai Bwana Jaswant akaniita. "Waambie wa kiwandani wapunguze sukari. Vibaki viwili. Halafu chora upya."

Nimechora. Kesho zinatoka.

Lala, Mama. Baba naye amegundua biskuti za wagonjwa wa sukari, anakula pakiti nzima kama dawa. Jumamosi nakuja kumsomea mgongo wote wa pakiti, polepole, hata akinifukuza na fimbo. Huyo niachie mimi.

Mwanao