Vikopo vya Karafuu

Jumatatu, 3 Novemba

Nimebadilisha vikopo vyote leo. Kimoja chooni, viwili sebuleni, kimoja chumbani kwa Shamsa, mkaza mwanangu. Magadi vijiko vitatu, mafuta ya karafuu matone kumi, kitambaa juu, mpira, kisha natoboa kwa sindano. Mafuta hayo ya Pemba, dada yangu huniletea kila akipata mtu wa safari. Nyumba lazima inukie, na udi tumeacha kuchoma tangu mwezi uliopita. Moshi unamtapisha Shamsa. Mimba ya miezi mitatu na badala ya kunenepa anakonda. Kala nusu mkate.

Jumanne, 4 Novemba

Shamsa kafungua madirisha yote asubuhi. Vumbi mpaka kwenye sahani. Nimemwuliza kuna nini. "Hewa nzito, ammah." Ndivyo anavyoniita, mama mkwe wake. Kashika kitambaa akapangusa zile sahani. Watoto wa Nizwa, kwao Shamsa, wamefunzwa adabu.

Nimenusa mapazia. Nimenusa friji. Nimenusa zulia kwa magoti yangu haya mabovu. Sikuona kitu. Labda ni mie. Nimekoga mara mbili.

Alkhamisi, 6 Novemba

Nassor karudi kutoka kazini Firq, gereji imemwachia mapema. Mwanangu wa pekee, namwona Alkhamisi mpaka Jumamosi tu, siku nyengine tuko mie na mkewe. Kacheka mlangoni. "Mama, umetuhamishia Pemba? Hapa panataka ngazi tu, tupande tuchume!"

Nikafurahi. Nikabandika sufuria, maganda ya machungwa, mdalasini, karafuu ukufi mzima. Imetokota jikoni mpaka magharibi. Shamsa hakutoka chumbani kula.

Jumamosi, 8 Novemba

Wananong'ona Kiarabu cha haraka haraka. Nikiingia wananyamaza. Nimesikia neno "nyumba". Nassor kaondoka bila ya kunitazama vizuri.

Jumapili, 9 Novemba

Ndimu thelathini. Kila moja nimeichomeka karafuu pande zote, vidole vinaniwaka. Nimezipanga kwenye sahani kila chumba. Moja nimeitia chini ya mto wa Shamsa alipokuwa anakoga, apate kulala.

Nampenda yule mtoto. Tangu baba yake Nassor kufa nilikuwa nakunywa kahawa peke yangu. Kaja yeye, vikombe vikawa viwili. Sitaki aondoke. Naandika ili nisiende kumwambia, nikamtisha.

Jumatano, 12 Novemba

Nassor kaja katikati ya wiki. Nilijua hapo hapo.

"Mama, ni karafuu. Tangu mwanzo ni karafuu, si udi peke yake. Hawezi kukwambia, anakuonea haya."

Nikasema nitazitupa zote, leo leo, sasa hivi.

"Funguo za nyumba ya Firq nishachukua, mama. Jumamosi tunahama."

Sina hasira na Shamsa. Nina hasira na pua yangu. Mwezi mzima namfukuza mtoto wa watu kwa mikono yangu, na mie nadhani namshika.

Alkhamisi, 13 Novemba

Nimetupa. Vikopo, mafuta, ndimu ishirini na tisa. Ya thelathini, ile ya chini ya mto, sijaifuata, naona haya kuuliza. Nimefua mapazia. Nimepiga deki kwa maji matupu.

Ijumaa, 14 Novemba

Shamsa kapita sebuleni, kasimama, kavuta pumzi. Kala wali sahani nzima na akaomba ukoko. Nimekwenda kulia jikoni. Kumbe ilikuwa rahisi hivi.

Jumamosi, 15 Novemba

Mama yake Shamsa kaja kutoka Nizwa kusaidia kuhama. Mizigo imeshapakiwa. Tumekula, halwa, kahawa. Kisha wakakaa wananitazama. Huku kwa Waarabu mgeni hanyanyuki mpaka chetezo kizunguke, kila mtu ajifukize nguo. Udi ndio ruhusa ya kuondoka.

Mie nimekaa tu.

"Leo hakuna udi, Mama Nassor?"

"Moshi binti yako hauwezi."

Mama yake kacheka, "Kweli bwana," akaomba kikombe chengine. Shamsa kanishika mkono, hakuuwachia. Ikaadhiniwa alasiri. Wakasali, Nassor akanyanyuka wa mwanzo. Wakatoka hivyo hivyo.

Nimekwenda kukunja shuka za Shamsa. Ndimu ilikuwa pale pale chini ya mto. Kaifunga nailoni tatu, fundo juu ya fundo. Hakuitupa.

Nyumba hainuki kitu. Chetezo kiko kabatini, sijakigusa. Udi haukuzunguka. Kwangu mie bado wamekaa.