Mbuke, Nililiona Jiwe Nikanyamaza

Mbuke, mtani wangu,

Ni mimi Yustina. Anayeandika ni mjukuu wangu Neema, maana mimi na kalamu unajua hatujawahi kujuana. Nimemwambia aandike ninavyosema, asipambe, na nikinyamaza angoje.

Nianze na habari za Ubaruku. Mpunga umevunwa. Jaruba lako amelima mke wa mwanao Shija, na amevuna kuliko ulivyokuwa unavuna wewe. Nakwambia kwa kuwa ni kweli. Ng'ombe wako mweupe amezaa dume. Yule mama wa maziwa bado anaongeza maji, sasa haoni hata aibu, kwa kuwa hayupo tena wa kumwonja na kumtangaza. Fimbo yako iko nyuma ya mlango wangu. Shija alitaka wakuzike nayo, nikaishika, nikasema huko anakokwenda hana haja ya kupapasa.

Mimi sijalia. Watu wanasema Yustina amekaza moyo. Sijakaza chochote. Nakula, nalala, napalilia mboga. Ni kama mguu ulioukalia vibaya ukafa ganzi, unaukanyagia na unakwenda, lakini huusikii kama ni wako.

Juzi nilipanda gari kwenda Mbalizi kwa shoga yetu Atuganile. Nimekaa dirishani. Tulipofika Chimala nikasema kwa sauti, "Tumefika Chimala." Dada aliyekaa pembeni akaniuliza, "Bibi, unashuka?" Nikamwambia sishuki. Igurusi nikasema tena. Akahama kiti.

Angejuaje? Hakukuwepo miaka ile macho yako yalipozima, nikawa nakupeleka kliniki Mbeya, na wewe kila gari likipunguza mwendo unauliza, "Tumefika wapi?" Nakutajia, na uongo wangu nakuongezea juu. "Tumefika Inyala. Kuna Msukuma ameanguka na baiskeli, anaipa pole baiskeli." Na wewe unajibu gari zima lisikie, "Na hao mbwa ninaowasikia wanakimbia, wameona Mhehe mla mbwa amekaa dirishani." Konda anacheka mpaka anasahau kukusanya nauli. Bibi wawili wazima, mmoja haoni, mmoja hajui kusoma hata ubao wa kituo, tunatukanana kutoka Igawa mpaka Uyole.

Sasa lililonileta.

Unakumbuka ile siku tunachambua mchele kwako. Wewe ulikuwa unachambua kwa vidole na hukuacha hata jiwe moja. Ukaniambia, "Yustina, nikifa nirudisheni kwetu kwa njia niliyokuja nayo. Ile ya porini, Chunya na Rungwa." Nikakwambia lami ipo, inapita Iringa, Dodoma, Singida, mtu unafika bila vumbi. Ukasema, "Wewe na lami yako." Vidole vikiendelea na mchele, ndipo ukanitajia Mabula.

Miaka yote hiyo tumekula pamoja, na sikujua kama kabla ya Shija ulikuwa na mtoto. Ukasema mlikuja kwa miguu, wewe na mumeo na ng'ombe, na yeye mgongoni, ana miezi saba. Homa ikamchukua porini. Mkamzika kando ya njia, mkampangia mawe fisi wasimfikie, na jioni ile ile mkaondoka, kwa kuwa nzi wa ndorobo walikuwa wanawauma ng'ombe na mngebaki siku moja wangeanza kufa. Hukupata hata kukaa chini ukamlilia. Mumeo akasema asitajwe tena, watoto watakaokuja wasikue na woga. Asitajwe, na kweli hakutajwa.

Ukaniambia, "Ukivuka mto wa pili baada ya Rungwa, kulia kuna jiwe jeupe limelala kama ng'ombe anayecheua. Hapo ugonge gari lisimame. Mwambie Shija ashuke amwone mkubwa wake. Na mimi uniambie tumefika."

Nikasema nitagonga.

Ulipofia hospitali kule Mbeya, Shija alitaka lami. Niligombana naye pale pale nje, mbele ya watu. Akasema, "Mama mdogo, mimi ndiye dereva, ile njia itatuulia gari. Kwa nini porini?" Nikamwambia, "Mama yako amesema porini. Sababu utaijua huko huko." Mwanao ana heshima. Akaazima Land Cruiser yenye turubai nyuma, na tela la kufunga, tukalijaza mchele, masufuria na madumu ya maji, maana hatukutaka ufike kwenu mikono mitupu. Atuganile akakaa mbele na Shija, kwa sababu ya miguu yake inayovimba, na kwa sababu mdomo wake unamfanya dereva asisinzie. Mimi nikakaa nyuma na wewe, kwenye benchi, turubai nimelikunja pembeni nione.

Na nilikutajia, Mbuke. Sikuacha kitu. Tumepanda milima ya Mbeya, kuna ukungu, nimejifunika khanga mbili. Tumefika Chunya, joto. Tumefika Makongolosi, wachimba dhahabu wamepakaa vumbi mpaka kwenye kope. Tumefika Lupatingatinga. Tumefika Kambikatoto. Tumefika Rungwa, hapa tunalala, Atuganile anagombana na mwenye gesti kuhusu shuka. Kila nikikutajia, nilikusikia kichwani unajibu. Sijui kama mtu mwenye akili zake anasikia hivyo. Mimi nilisikia.

Asubuhi tukaingia pori lenyewe. Nikakwambia kuna twiga wanne wamesimama njiani wanatutazama kama mawifi. Nikakwambia ndorobo wameingia chini ya turubai, wananiuma mimi, wewe wanakuacha, hata wao wameona huna nyama. Tukavuka mto wa kwanza, mchanga mtupu. Tunapanda ng'ambo, chuma cha kuungia tela kikakatika. Gari likaruka mbele, jeneza likateleza likanipiga magotini.

Nikasema, "Pole, Mbuke."

Nikangoja. Ungekuwa mzima ungenitukana, ungesema nimekusukuma makusudi. Nilingoja jibu kama ninavyongoja siku zote. Halikuja, wala kichwani halikuja. Ndipo nilipojua kwamba umekufa. Hospitali nilikuwa nimeambiwa tu.

Warina asali walikuwa na kambi karibu na hapo. Wakaja na kamba, wakatusaidia kulivuta tela mpaka kambini kwao. Magunia mawili yakapakiwa nyuma, kati yangu na wewe, mengine tukawaachia pamoja na tela. Tukaendelea.

Mto wa pili tukauvuka. Jiwe nililiona, Mbuke. Sitakudanganya kwamba nilisinzia, wala kwamba vumbi lilikuwa jingi. Ni jeupe, limelala, kichwa kimeinama kidogo, kama ulivyosema kabisa. Lilikuja upande wa kulia, likapita, na kwa kuwa nilikuwa nimekaa nyuma nililiona linapungua, linapungua, mpaka kona ikalifunika. Mkono wangu ulikuwa juu ya jeneza. Kioo cha nyuma ya dereva kilikuwa hapo, kiasi cha kunyoosha mkono tu. Sikunyoosha.

Sikusema kitu tena. Ipole tulipita, sikukwambia. Sikonge, Tabora, Nzega, vyote ulivipita gizani. Pale tulipoweka mafuta Atuganile alikuja nyuma akaniuliza, "Yustina, umemeza ulimi?"

Kwenu walitupokea vizuri. Mdogo wako ana sauti yako, nilishtuka. Na pale kaburini walikuwa wananingoja. Walishasikia umekuja na mtani wako Mhehe, wakawa wanaulizana, "Mtani yuko wapi? Aje atoe maneno." Ilikuwa zamu yangu. Ningekaa ukingoni mwa kaburi niwazuie, niwaambie huyu hazikwi bure, mnajua alivyokuwa anakula huyu, shimo hili halimtoshi. Watu wacheke kidogo, wapumue. Nilisimama. Mama mmoja akadhani naanguka, akaniletea maji. Wakakuzika kama mtu asiye na mtani. Hilo nakuomba radhi, lakini hilo ni dogo.

Siku ya kuondoka Shija akasema tunarudi na lami, tela atamlipa mtu alilete. Atuganile akafurahi, akaanza kuhesabu kuku atakaonunua Singida. Mimi nikakaa chini, pale uwanjani, nikaegemea gurudumu. Nikasema kama hampiti porini nendeni, mimi nitabaki hapa niolewe na Msukuma. Atuganile akamwambia mwanao, "Shija, Mhehe akikaa hivyo hata trekta halimng'oi. Washa gari, twende huko kwa ndorobo wake."

Safari hiyo nilikaa mbele. Tulipoliona jiwe, sasa liko kushoto, nikasema, "Simama."

Shija akasema, "Mama mdogo, unataka kujisaidia? Hapa kuna simba."

"Simama kwanza."

Akasimama. Nikashuka, wakanifuata. Nikamwambia kwa maneno machache, kama ulivyonipa. Mama yako alipita hapa kwa miguu akiwa na mtoto wa kiume mgongoni. Hapa ndipo alipomwacha. Hii ndiyo sababu ya porini.

Tulitafuta. Nyuma ya jiwe kuna mawe madogo, yamezama, majani yameota katikati. Sijui kama ndiyo yale mliyoyapanga. Nimezunguka upande wote, hakuna mengine, basi nimeyakubali hayo. Shija akasogea karibu. Akauliza alikuwa na umri gani. Nikamwambia. Akauliza, "Anaitwa nani?"

"Mabula."

Mwanao akavua kofia, akavua na viatu. Ndorobo walikuwa wanamuuma miguuni, hakuwapiga. Mtu mwenye mvi, ana wajukuu, akainama mbele ya yale mawe akasema, "Shikamoo, kaka."

Hakukuwa na wa kuitikia. Atuganile akanitazama mimi. Nikaona salamu ya mtu haiwezi kuachwa chini hivyo, nikaitikia, "Marahaba."

Halafu Shija akanigeukia. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Akasema, "Mama alikuwa ndani ya gari. Tulipokuwa tunakwenda, alikuwa humu, hatua kumi kutoka hapa. Kwa nini hukugonga?"

Nikamwambia sijui. Ndilo jibu nililokuwa nalo, na mpaka leo ninapoongea na Neema sijapata jingine.

Hakusema na mimi mpaka kwa warina asali. Huko wakalifunga tela kwa mnyororo, akawaachia gunia moja la mchele, wao wakampa asali kwenye kidumu. Akachovya kijiti, akaja nacho nilipokaa, akasema, "Lamba, mama mdogo. Hujala tangu asubuhi." Nikalamba. Utamu niliujua kwa kuwa ninajua asali ni tamu.

Ndiyo hayo, Mbuke. Ulipitishwa kwa mwanao bila kuambiwa, na aliyekupitisha ni mimi. Nimekaa na jambo hili nikaona siwezi kukuacha pale kwenye mto wa kwanza. Kwa hiyo nakutajia sasa, nimechelewa, lakini nakutajia.

Tumevuka mto wa pili. Mchanga, na nyayo za tembo. Tunapanda. Jiwe hili hapa, kulia kwako, jua limelipiga. Tumefika kwa Mabula. Nimegonga. Gari limesimama. Shija ameshuka, amemwamkia mkubwa wake, ameitikiwa. Mlilie sasa, hakuna ng'ombe wanaokungoja. Kaa utakavyo.

Ukimaliza tunaondoka. Tumefika Ipole, miti inapungua. Tumefika Sikonge. Tumefika Tabora, miembe kila upande, na kelele. Tumefika Nzega. Tumeacha lami kabla ya Tinde, tumeingia kushoto, kuna mawe makubwa yamepandana, watoto wanakimbia nyuma ya gari. Ng'ombe wanarudi malishoni. Mdogo wako ametoka nje, amejifunga kitambaa cheupe kichwani. Umefika kwenu.

Mimi sasa nakuaga. Macho bado makavu. Yakilowa siku moja nitamwambia Neema akuandikie, yasipolowa pia nitakuwa mimi yule yule.

Ninakuahidi hivi. Baada ya mavuno yajayo Shija anakwenda kukujengea kaburi, na mimi nitakwenda naye, hata kama watanipakia kwenye tela. Tutapita porini. Tumeshakubaliana kwamba saruji itashushwa kwanza kwa Mabula, tumjengee yeye, ndipo tuje kwako. Yeye ndiye aliyengoja zaidi. Wewe utatusubiri kidogo.

Lala, mama Mabula.

Yustina