Majina Yaliyomo Kwenye Kompyuta

Baba Lugano,

Alfajiri feni ya kompyuta ilivuma gizani, nikajua unaweka Windows ya kunakili, isiyo na leseni. Nikachomoa waya; ukaenda kukamua ng'ombe. Nisamehe.

Najua wateja wanaokuja kwetu kuchapisha barua wameizoea hiyo. Lakini mama yako anasoma Kiswahili tu, na hii Linux, mfumo wa kompyuta niliopewa bure darasa la jioni, inaandika Kiswahili kila mahali. Humo anaandika majina ya ndugu zako waliotangulia. Ukiiondoa, yanafutika yote.

Ndizi ziko jikoni, mpe mama kwanza. ~~Amua mwenyewe.~~ Subiri nirudi kutoka kuchuma chai, tuamue pamoja.

Mama Lugano

Nyongeza: Nilipotaka kufunga mlango, Lugano kaamka, anasema: “Jana bibi aliandika jina la marehemu baba mdogo.”