Kodi ya Ada na Kuhama kwa Chiriku

Nyumba za Walimu,
Mlango wa tatu, nyuma ya shule.
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba mgongo umepata nafuu baada ya ubebaji wa makasha huko ghalani. Wifi hajambo? Sisi wazima. Mama siku hizi anatembea ndani bila mkongojo, lakini akisikia mgeni anabisha hodi anautafuta haraka ili ahurumiwe.

Najua dada alikupigia simu, akakuambia mimi ndiye niliyemtoa mwanawe Chiriku kwenye shule ya kulipia. Si kweli, ila si uongo wote. Ndiyo maana nakuandikia. Kwenye simu mimi na wewe hukatizana tu.

Mambo yalianza mwezi wa pili, serikali ilipotangaza kwamba ada za shule za kulipia zitatozwa kodi, na fedha hizo ziende shule za serikali. Shule ya Chiriku haikuchelewa: wazazi waliandikiwa kwamba kodi yote itakuwa juu yao. Jumamosi hiyo tulikuwa kwa mama tukichambua mchele, dada akasema atakuomba uongeze kidogo kwenye ada unayomlipia Chiriku. Mimi, kwa mdomo wangu huu usio na breki, nikasema kodi hiyo ni ya haki, maana katika shule yetu ya serikali nafundisha watoto themanini na mmoja katika chumba chenye madawati ishirini na matano.

Dada aliweka ungo chini. "Kwa hiyo ili wako wakae, wangu alipe?"

Nikamwambia mwenye nacho akiongeza kidogo hatakufa.

"Mimi sina," akasema. "Nasimama duka la dawa mpaka miguu inavimba. Nilichonacho ni kaka."

Hakupaza sauti. Tulimaliza mchele bila kutazamana, na wiki tatu hatukusemezana.

Kisha Jumanne moja akatokea darasani kwangu, bila taarifa, kabla ya zamu yake, na lile koti jeupe la dukani. Watoto walidhani amekuja kuwachanja. Wa mbele walificha mikono kwapani, na wawili waliomba ruhusa ya kwenda chooni wasirudi mpaka alipoondoka.

Alikaa nyuma juu ya ndoo iliyopinduliwa, asubuhi nzima. Aliniona nikisahihisha huku nimesimama, madaftari yamepangwa kwenye mkono kama sahani za mhudumu wa hotelini. Kengele ililia nikiwa sijafika nusu.

Watoto walipotoka akaniuliza, "Yule msichana wa dirishani, mbona hukumwita hata mara moja?"

Nikasema najua.

"Jina lake nani?"

Ilibidi nifungue daftari la mahudhurio, kaka. Sijaona haya kama siku ile tangu nianze kazi hii.

Nilitegemea aseme kwamba mwanawe hatakanyaga pale. Badala yake alikung'uta koti, akasema wewe, kaka, hujui kukataa, na akikuomba utaongeza zamu ya tatu juu ya hizo mbili. "Nitamleta muhula ujao," akasema. "Ila mimi sitanyamaza kama nyinyi."

Na hakunyamaza. Kwenye kikao cha wazazi alisimama kumuuliza mwalimu mkuu fedha za kodi zimefika wapi. Akajibiwa ziko kwenye mchakato. Akauliza mchakato huo uko kwenye meza ya nani. Alikwenda ofisi ya elimu na wazazi wengine sita, wakarudishwa mara mbili. Mara ya tatu wakakaa kwenye benchi hadi ofisa akachoka kuwaona. Wiki iliyopita tumeletewa madawati kumi na manne kwa darasa langu.

Sikufichi kitu. Chiriku hakuhama peke yake. Kwangu wamekuja wanane, sasa nina themanini na tisa, na bado wapo wanaokaa sakafuni. Wiki ya kwanza alilia. Aliniambia, "Mama mdogo, tangu Jumatatu hujaniuliza swali." Hesabu zake zimeshuka. Nambakisha jioni nimfundishe, pamoja na wenzake watano. Pia nimeanza kuita majina bila kutazama daftari la mahudhurio. Ijumaa nilikwama kwa wawili tu.

Dada bado anasema kodi imewaangukia wasiostahili. Mimi bado nasema ni ya haki, ila siku hizi nasema hivyo polepole. Nilitaka ilipwe na mwenye nacho, nikasahau kwamba katika nyumba yetu mwenye nacho ni wewe, na wewe huna. Nisamehe kwa hilo.

Ombi langu ni moja. Usitume ada kwa siri, nakujua. Ukibaki na chochote, jilipie siku moja ya kulala.

Msalimie wifi na mapacha. Mama anakuombea kila alfajiri kwa sauti ya kuwaamsha majirani. Dada hajakutumia salamu, lakini amesimama hapa mlangoni akinihimiza nimalize ili yeye mwenyewe aipeleke posta.

Mwenyezi Mungu akulinde kazini na akurejeshe kwetu ukiwa na nguvu zako.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye hata ninapokosea,

Mwalimu