Petroli Iliyopungua Kati ya Thika na Ruiru

Kwako Mwangi, mjukuu wangu na mume wangu,

Huna haya hata kidogo. Mvua ya masika imekuja ikaenda, mahindi yamevunwa, yule mbuzi mweupe uliyeniachia amezaa na watoto wake sasa wanapigana vichwa, na wewe hujatia mguu hapa Kalimoni. Kama ungekuwa umefia mbali ningekulilia, nikamaliza, nikarudi kwenye jembe langu. Lakini hujafa. Unaonekana Thika. Unaonekana juu ya lori la mkonge, umevaa kofia, mashavu yamenenepa, unacheka na watu pale kwenye pampu ya petroli. Kutoka hapo mpaka mlangoni kwangu si mbali kwa mtu mwenye nia. Mbona vumbi la lori lako linanifikia, wewe hunifikii?

Usiniletee habari za kazi nyingi. Ulipozaliwa ulipewa jina la guka yako, babu yako aliyenioa, kama desturi yetu inavyotaka, na tangu siku hiyo nakuita mume wangu. Basi nakugombeza kama Cucu, nyanya yako, na nikichoka nakugombeza kama mke, na huna pa kukimbilia.

Anayeandika hapa ni mke wa mwinjilisti wetu. Yeye ni Mkamba, Kikuyu changu kinampita, kwa hiyo tunaelewana kwa Kiswahili. Nimemkataza kunilainisha. Kila akimaliza mstari namwambia anisomee, maana sijawahi kumjua mtu mwenye kalamu anayeandika kile alichoambiwa tu. Sasa ananitazama vibaya. Andika na hilo, mama.

Na bahasha sitaki. Barua hii inakwenda wazi mpaka kwa yule mtu wa pampu, na kila dereva anayejua kusoma aisome kabla haijakufika wewe. Nina sababu. Utaiona mbele.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipokuja na ile gari nyekundu ya bwana wako wa Ruiru? Wakati ule wa hali ya hatari serikali ilikuwa imetufungia kijijini, handaki huku, miiba huku, na askari langoni anamuuliza kila mwanamke anakwenda wapi na kibali chake kiko wapi. Mimi nilikuwa shambani, katika zile saa tulizoruhusiwa kulima. Nikasikia mngurumo. Nikajitupa chini katikati ya migomba, nikasema leo wamenijia. Halafu nikasikia sauti, "Cucu! Cucu, ni mimi!" Nikainuka na udongo puani, nikakutukana mpaka ndege wakaruka. Ukasimama ukayapokea matusi yote, umeshika kofia kifuani kama mtu aliye kanisani.

Nikaizunguka gari ile kama mtu anayetaka kununua ng'ombe na hamwamini mwenye ng'ombe. Fupi, imelaza tumbo chini, viti viwili, paa hakuna. Nikakuuliza, "Bwana ana kahawa mpaka macho yanachoka, amekosa gari yenye paa?"

"Hii ni ya mashindano, Cucu. Inakimbia kuliko zote."

"Inamkimbia nani?"

Ulicheka mpaka ukaushika mlango. Kisha ukanieleza habari ya petroli, na hapo ndipo nilipoanza kushuku. Ulisema Ruiru wanauza ile ya kawaida tu, ya malori na matrekta. Hii haiitaki. Hii inataka ya supa, na supa iko Thika, ndiyo maana bwana anakutuma huko tangi likikauka. Nikakuambia mnyama mzima hachagui majani.

"Injini yake imebana sana, Cucu. Ukiipa ya kawaida, moto unawaka humo ndani kabla ya wakati wake. Inagonga kama mawe ndani ya kibuyu. Ikigonga sana inajiua."

"Na ukiipa hiyo ya supa?"

"Inaimba."

"Inakunywa kiasi gani, hiyo inayoimba?"

Ukaangalia migomba. "Inakunywa, Cucu."

Nilijua. Sijaona bado kinachoimba kisichokunywa.

Basi nikakupa amri yangu, unaikumbuka. Nilikuambia kwetu mtu hapiti karibu na nyanya yake bila kuingia na kula. Ukiishika barabara ya Thika na usikate kona kuja kwangu, umenitukana mimi, na umemtukana yule aliye kaburini ambaye umebeba jina lake. Nikaongeza kwamba ndizi zangu zinaivia shambani, zinaliwa na nyani, na kiti cha pili kiko wazi.

Ulisema, "Cucu, na kibali?"

Nikakujibu, "Ndizi zina kibali?"

Ndivyo tulivyoanza. Wewe ukitumwa Thika unanipitia kwenye ukingo wa shamba, najifunika shuka mpaka machoni, mkungu mapajani, twende soko la Thika. Upepo ulinitoa machozi na mimi sikuwa nalia. Tukifika ule mteremko wa mto Ndarugu, ghafla kimya. Siku ya kwanza niliushika mkono wako nikapiga kelele, "Imekufa! Nilikuambia inachagua chakula, sasa imekufa!"

"Haijafa, Cucu, nimeizima. Mteremko ni wa bure. Acha ishuke yenyewe, tusimalize petroli ya watu."

Ng'ambo ya pili ulipanda pole, unakanyaga kama mtu aliyewekewa yai chini ya kiatu. Nilikuuliza mbona gari ya mashindano inakwenda kama punda wa mjane. Ukasema ukiwa umenibeba unapenda kwenda pole. Niliona ni heshima. Nilifurahi, sikuficha. Lakini nilijiuliza pia, kijana huyu anaihurumia petroli isiyo yake kwa nini?

Maana koti lako lilikuwa linanuka. Kila ulipokuja nilikunusa mlangoni pa kibanda changu cha shambani kabla hujakaa. Guka yako nilimnusa maisha yake yote, ndiyo maana hakuweza kunywa pombe ya muratina akaniambia alikuwa kwenye baraza la wazee. Koti lako lilinuka petroli mpaka kwenye bitana, na nikakuuliza waziwazi, mbele ya uji wako, "Unaiba?"

"Nasafisha kabureta, Cucu. Inamwagika."

Nikakutazama machoni. Nikaamini nusu. Nusu nyingine nikaiweka.

Halafu ukaacha kuja. Nikakaa kwenye ukingo wa shamba na mkungu wangu kama mtu aliyeachwa na harusi. Mama mmoja wa kanisani ndiye aliyeniletea habari, na aliileta akiwa ameivalia sura ya huruma. Kwamba umefukuzwa Ruiru. Kwamba petroli ya bwana ilikuwa inapungua njiani. Na kwamba, akashusha sauti, ulikuwa ukimbeba mwanamke ndani ya gari ya bwana.

Nitakuambia ukweli, mume wangu. Habari ya petroli niliisikia kwa sikio moja. Ya mwanamke niliisikia kwa yote mawili.

Nani huyo? Nililala naye kichwani, nikaamka naye. Nikasema ndiye aliyekufundisha wizi, maana mwanamke wa kupandishwa gari nyekundu hatosheki na hewa. Jumapili nilikuwa naangalia miguu ya wasichana wakati wengine wamefumba macho kuomba, nione ni nani ana kiatu kipya. Binti wa fundi cherehani nilimshuku mwezi mzima. Hajui mpaka leo kwa nini nilikataa kumwitikia salamu.

Walipolegeza mambo ya vibali, nilikwenda Thika kwa miguu yangu. Sikupita sokoni. Nilikwenda moja kwa moja kwa yule mtu wa pampu, yule mrefu mwenye jino lililovunjika, maana ndiye aliyekuwa akikutilia petroli, na tangu zamani naona macho yake hayatulii. Nikamwambia, "Wewe. Mjukuu wangu aliiba?"

Akauweka chini mpira wa petroli. "Cucu, karibu. Hujambo?"

"Sijaja kusalimiwa. Aliiba?"

Akaniambia bwana wako ana kijiti anachokitia ndani ya tangi. Ukitoka Thika tangi limejaa, ukifika Ruiru anapima. Na kila ulipofika, petroli ilikuwa chini kuliko inavyotakiwa kwa njia ile. Si siku moja, kila mara. Bwana akasema unaifyonza kwa mpira unauza.

"Na mimi nilimpa akili," akasema yule mtu, na hapo macho yake yakatulia kidogo. "Nilimwambia, Mwangi, omba dereva wa lori akumwagie ya kawaida kidogo, jazia juu. Kijiti hakina ulimi. Akakataa. Akasema hawezi kuilisha gari ya mtu makapi halafu aseme ameilisha unga. Akasema itagonga."

Nikamwambia, "Na huyo mwanamke?"

"Mwanamke gani?"

"Usinichezee. Mwanamke ambaye Mwangi alikuwa akimbeba garini."

Alinitazama, Mwangi. Alinitazama kama mtu anayengoja nicheke kwanza ili naye apate ruhusa. "Cucu," akasema, "mimi ndani ya gari ile sijawahi kumwona mwanamke mwingine ila wewe na ndizi zako."

Nilikaa juu ya debe la mafuta. Akaniletea maji. Akanieleza mengine nikiwa nimekaa. Kwamba utomvu wa ndizi zangu ulitia doa jeusi kwenye kiti cha ngozi, na wafanyakazi wa shamba walikuwa wameona shuka ya mwanamke ikipepea. Bwana akakuuliza ni nani. Hukunitaja. Akaja Thika mwenyewe akamuuliza mtu wa pampu, naye akasema hajui, kwa sababu ulikuwa umemwomba. "Mwangi alisema hivi: Cucu hana kibali. Nikimtaja, bwana atauliza langoni, na Cucu atalala ndani. Acha niitwe mwizi, mimi ni kijana, nitapata gari nyingine."

Basi nimeijua sasa njia ile petroli iliyopita. Kutoka barabara kuu mpaka kwenye migomba yangu, na kurudi. Kuja kula uji wangu. Kunirudisha kabla lango halijafungwa, na chumvi yangu na sabuni. Ndiyo maana ulikuwa unaizima mteremkoni. Ulikuwa unataka mteremko ulipe njia ya kwangu, na haukutosha.

Usingoje nikuombe msamaha. Nyanya haombi msamaha kwa kutaka kumwona mjukuu wake. Lakini ungeniambia! Ungeniambia, "Cucu, kijiti cha bwana kinatuona," ningezibeba ndizi zangu kichwani kama nilivyozibeba kabla hujazaliwa. Wewe ukaona bora uchafuke jina. Hilo jina si lako peke yako. Mwenyewe amelala pale nyuma ya nyumba, na mimi ndiye ninayemsikia akigeuka.

Kwa hiyo nyinyi madereva mnaosoma hapa kwenye pampu, na wewe mtu wa pampu unayesikiliza, jueni: Mwangi hakuiba petroli ya mtu. Mwanamke aliyekuwa ndani ya gari ni mimi, mjane wa Kalimoni, mwenye shuka ya kahawia. Atakayerudia ile hadithi nyingine aje aniambie mimi. Mama, umeandika hivyo? Nisomee.

Na wewe bado nakushuku, usidhani nimemaliza. Mtu wa pampu anasema kila ukisimamisha lori unauliza, "Cucu anatembea bado? Kifua kilipona?" Halafu unapanda unakwenda. Unaniulizia kwa watu kama mtu anayeishi ng'ambo ya bahari! Kama unaogopa kunitia matatani, lango halina askari tena, miiba tumeichoma kuni, na handaki watoto wanateleza humo kwa matako. Kama unaogopa nitakuuliza juu ya petroli, sasa sina la kuuliza. Na kama kuna mwanamke wa kweli safari hii, nitamjua. Asijifiche. Nimechoka kuangalia viatu kanisani.

Nyumba imebaki na sauti ya mbuzi tu. Jioni nikisikia gari barabarani nasikiliza kama inazimwa mteremkoni. Hakuna anayeizima. Wote wanakanyaga.

Kwa yule bwana wako wa Ruiru sijaenda. Nangoja twende sote, nimwambie kwa mdomo wangu nani aliketi kwenye kiti chake, maana akiniona peke yangu atadhani nimekuja kuuza ndizi.

Sasa sikiliza vile utakavyokuja. Lori la watu liache kule barabara kuu, uje kwa miguu, petroli ya mtu isipungue tena kwa ajili yangu. Usioge. Usiazime koti la mtu, vaa hilohilo la kazi. Ukifika usiite kutoka mbali, na usikae. Simama mlangoni nikunuse kwanza, ndipo uingie ule.

Ni mimi Cucu yako,
yule mwanamke wa kwenye gari.