Swali la Da Zuhura kwa Rais Mpya

Jumatatu jioni, Woolwich, hapa Landani. Manyunyu tangu asubuhi, yale yasiyokulowesha wala kukuacha mkavu. Leo ni siku yangu ya mapumziko. Basi langu linaendeshwa na mwingine, nami nimekaa jikoni na kompyuta, chai imepoa, najiona mtu mdogo.

Nina aibu.

Nimeliandika neno hilo mapema kabla sijapata ujanja wa kulizungushia maneno mengine, maana kuzungusha maneno ndiko kulikonifikisha hapa.

Mnaonisoma mnajua nilivyokuwa nikitamba humu kwenye blogu yangu tangu rais wetu mpya aapishwe. Kwenye kampeni alisema nchi yetu haitapiga tena magoti mbele ya nchi zenye pesa, na kwamba balozi zetu zitamtetea kwanza mwananchi wa kawaida, karamu za wakubwa baadaye. Watu wakashangilia. Mimi nikaandika hapa, tena si mara moja, kwamba hakuna kitakachobadilika. Nikasema sera ya mambo ya nje hubadilishwa jukwaani tu, kisha rais anapanda ndege, anatandikiwa zulia, anakumbuka mikopo na mafuta na bandari, na anarudi na sera ileile aliyoikuta ofisini. Walionipinga niliwaita watoto wa jana. Kwenye grupu letu la watu wa nyumbani wakanipa jina la Profesa, nami sikulikataa.

Da Zuhura hakuwahi kubishana nami. Ni mtu wa Tanga kama mimi, jirani yetu wa ghorofa ya chini, na kazi yake ni kuwahudumia wazee kwenye nyumba moja ya wazee hapa hapa Woolwich. Siasa zangu anazisikiliza kama mtu anavyosikiliza redio ya jirani. Lakini ana mdogo wake, Maimuna, ambaye yuko Uarabuni akifanya kazi za ndani. Mkataba wa Maimuna uliisha zamani. Mwajiri amekataa kumpa pasipoti yake, anamwambia atafute kwanza mtu wa kushika nafasi yake. Maimuna alipofanikiwa kupiga simu kwenye ubalozi wetu wa huko, alijibiwa kwa upole kwamba hawana maelekezo ya kuingilia mambo ya mfanyakazi na mwajiri wake, na kwamba nchi ile ni rafiki. Wakamwambia avumilie.

Basi ilipotangazwa kuwa rais anakuja Landani, na kwamba Jumapili mchana ataonana na sisi watu wake kwenye ukumbi wa hoteli moja kule Stratford, Da Zuhura akaja kutugongea mlango. Siku hiyo alikuwa na zamu na hakupata wa kubadilishana naye. Akaniomba nimuulizie jambo moja tu. Je, balozi zetu za Uarabuni zimeshapewa maelekezo mapya, au bado? Kama zimepewa, Maimuna atatoka kwenye nyumba ile aende ubalozini, hata kwa miguu. Kama bado, abaki alipo, maana akitoka na ubalozi ukamkatalia, polisi watamkamata kwa kosa la kumtoroka mwajiri.

Nilimwambia aondoe shaka. Nikamwambia hilo ndilo hasa swali nililokuwa nikilitafuta, swali la kumbana rais mbele ya watu wote. Mke wangu, aliyekuwa akikaanga samaki, akacheka peke yake.

"Kaka Rajabu," Da Zuhura akasema, "usimbane. Muulize tu."

Jumapili nilivaa suti yangu ya harusi na mazishi, nikaondoka mapema ili nikae mbele. Ukumbi ulijaa. Nilikutana na watu ambao mara ya mwisho tulionana msibani. Kulikuwa na sambusa, watoto wakikimbizana kati ya viti, na kina mama waliokuja na sare za kitenge. Rais alipoingia tukasimama, vigelegele vikapigwa, na hata mimi nilijikuta nimenyoosha shingo.

Hotuba ilikuwa nzuri. Rais alisema tuna marafiki wengi, lakini rafiki hawezi kutuchagulia nani mwingine awe rafiki yetu. Alisema mwananchi akiteseka ugenini, nchi nzima imeteseka. Nikamnong'oneza jirani yangu wa kiti, ambaye hakuniuliza kitu, kwamba hayo ni maneno tu, asubiri aone. Jirani akaendelea kula sambusa yake.

Kisha yakafunguliwa maswali. Mshereheshaji akasema watakaopata nafasi ni wachache, kwa hiyo tuwe wafupi na tusitoe hotuba. Hakumaliza kusema, mkono wangu ulikuwa juu.

Nikapewa kipaza sauti.

Nilisimama. Rais akageuka kidogo kwenye kiti chake, akanitazama kama mtu anayetaka kweli kusikia. Mdomo wangu ukafunguka, ukatoa shikamoo. Hapo hapakuwa na ubaya wowote. Nikasema itifaki imezingatiwa, maneno ambayo kazi yake ni kumwokoa msemaji asiwataje wakubwa wote waliopo, halafu nikaanza kuwataja. Mheshimiwa balozi. Waheshimiwa mawaziri mlioambatana. Mwenyekiti wa jumuiya yetu, viongozi wetu wa dini, mama zetu. Nikaomba niungane na wenzangu waliotangulia katika kumpongeza. Nikampongeza kwa ushindi, nikampongeza kwa hotuba, nikasema sisi tulio nje tunatembea kifua mbele tangu ashike nchi. Mimi huyu. Watu wakapiga makofi, na sitawaficha, yale makofi yalikuwa matamu, kwa hiyo nikaongeza na mengine.

Mshereheshaji alianza kunionyesha saa yake. Aliyenikumbusha kilichonisimamisha alikuwa rais mwenyewe.

"Ahsante sana, ndugu yangu," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Na swali lako?"

Ningeweza kuwaambia kwamba nilisahau. Sikusahau. Swali lilikuwa mdomoni, na lilikuwa fupi. Lakini nilikuwa nautazama ule uso unaonitabasamia, nikaona utakavyobadilika nikilitamka. Nikawaona mabwana waliokaa nyuma yake wakiandika jina langu. Nikaona jinsi nitakavyoacha kuwa yule mtu mwema aliyesema vizuri, niwe mmoja wa wale wanaokuja na malalamiko kwenye shughuli. Sikutishwa na mtu. Hakuna aliyenikunjia hata uso. Nilitaka tu rais anipende kwa dakika nyingine moja.

"Sina swali, Mheshimiwa," nikasema. "Nilitaka kukushukuru tu."

Nikakaa.

Baada yangu alisimama mwanafunzi mmoja, akauliza habari za mikopo ya masomo. Akaja bwana mwenye suala la viwanja kwa sisi tunaoishi nje. Dada mmoja akauliza kuhusu kusafirisha maiti. Wote walisalimia kwa kifupi, wakauliza, wakajibiwa, na rais hakuwakasirikia. Nikanyoosha mkono tena, mshereheshaji akatikisa kichwa, na alikuwa na haki. Tulipokuwa tukitoka, mzee mmoja akanishika mkono na kuniambia nimetuwakilisha vizuri. Nikamshukuru.

Kwenye treni nilisimama ingawa viti vilikuwepo. Miezi yote hii nimekuwa nikiuliza humu kama rais huyu atathubutu kweli kubadilisha msimamo wetu mbele ya wenye pesa. Nikawa namfikiria siku atakapokwenda Uarabuni. Amekaa kwenye kiti kizuri, kahawa mkononi, mwenyeji anamtabasamia, kisha anamuuliza kama kuna jambo jingine. Siku zote nilidhani mtu anayenyamaza mahali kama pale amepiga hesabu ya mafuta na mikopo. Sasa naona huenda hata hesabu hakupiga. Huenda anakuwa amestarehe tu, na jina la mtu kama Maimuna litaharibu starehe. Sijui rais atafanya nini akifika huko. Najua nilichofanya mimi, ambaye sina mafuta ya kununua wala mkopo wa kuomba.

Nyumbani mke wangu aliniuliza kama nimeuliza. Nikamwambia watu walikuwa wengi. Ni kweli, walikuwa wengi. Akanitazama kidogo, akanipakulia chakula.

Sikushuka ghorofa ya chini.

Leo asubuhi nilikwenda sokoni kununua muhogo na mchicha. Nilipofika nikamwona Da Zuhura anakuja upande wangu, bado na viatu vya kazini. Mimi, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, nikajificha nyuma ya rundo la viazi vikuu na kujifanya nachagua. Muuzaji akaniuliza nataka kilo ngapi. Nikainama zaidi. Nilipoinua kichwa, Da Zuhura alikuwa amesimama pembeni yangu.

Alinisalimia. Akauliza habari za mguu wa mke wangu. Kisha akasema aliniona, kwa sababu mkutano ulirushwa moja kwa moja kwenye simu na yeye alikuwa kwenye breki, yale mapumziko mafupi ya kazini. Nikaanza kumwomba radhi. Nikaeleza habari za mshereheshaji, na muda, na jinsi mtu anavyojisikia akishika kile chombo, hadi akainua mkono wenye mfuko wa vitunguu kunisimamisha.

Akaniambia hakuwa akitazama peke yake. Alikuwa amemtumia Maimuna linki, akamwambia kuna kaka yetu wa Landani atasimama kumuulizia. Maimuna akajifungia kwenye chumba cha kufulia, sauti ya simu ameipunguza mpaka chini, nguo za watu zikimngoja. Alinisikia tangu shikamoo mpaka shukrani. Nilipokaa, akamwandikia dada yake kumuuliza kama huyo ndiye kaka mwenyewe.

"Nikamwambia siye," Da Zuhura akasema. "Nikamwambia wako bado hajasimama."

Kwa hiyo Maimuna akaendelea kutazama. Alimtazama mwanafunzi, akamtazama bwana wa viwanja, na dada wa maiti. Alisikiliza neno la shukrani la mwenyekiti. Akasikiliza wimbo wa taifa mpaka mwisho, mle chumbani, akidhani labda kuna mtu atapewa nafasi baada ya wimbo. Kisha picha ikakatika.

Nilimuuliza Da Zuhura sasa Maimuna atafanya nini. Akasema atabaki pale pale, angefanya nini tena, hajui kama akitoka atapokewa. Hakulia, wala hakunipandishia sauti. Alichagua muhogo wake, akaubonyeza, akaurudisha, akachukua mwingine. Ningependa angenitukana, nadhani hata muuzaji angependa.

Nikasema nitauandikia ubalozi wa hapa leo leo. Akasema niandike. Nikasema nitamtafuta mtu ninayemfahamu aliyekuja na msafara. Akasema sawa. Alipokwisha kulipa, akanitajia namba ya Maimuna na kuniambia nimpigie kesho mchana wa kule, wenye nyumba wanapolala, ndipo anaposhika simu.

"Nimemdanganya mara moja kwa ajili yako, kaka Rajabu," akasema. "Mara ya pili sitaweza. Utamwambia mwenyewe."

Barua pepe nimeiandika. Kila nilipoisoma nilikuta sifa nyingine imejipenyeza, nikaifuta, mpaka yakabaki maneno ya Da Zuhura matupu. Nimeipeleka. Sijui kama itajibiwa, na safari hii sina utabiri wa kuwapa. Jina la Profesa nimewaomba kwenye grupu waache kuniita. Mmoja amenijibu kwa kicheko, anadhani natania.

Kilichobaki ni simu ya kesho. Nimekuwa nikijaribu tangu mchana kutafuta namna ya kuanza, na kila namna ninayoipata ni ya kujipendekeza. Nikifupisha yote, habari yenyewe ni hii: kwamba hakukuwa na mwingine anayekuja, na yule aliyekuwa akimngoja asimame, alikuwa ameshakaa.